Tanga la kijahazi cha mfano lifungwe, na lifungwe kwa vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi wanaochonga mifano ya majahazi, na wanaoinunua, na wanaoiweka katika makumbusho, hoteli na ofisi zetu. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kijahazi cha mfano ni zawadi inayopendwa na ni pambo linalopewa mahali pa heshima. Mwili wa chombo mara nyingi umechongwa kwa ustadi: gubeti la mbele limekaa sawa, shetri la nyuma lina nakshi, mbao zimepangwa vizuri. Ukifika kwenye tanga ndipo kazi inapoharibika. Kitambaa kizito cha pazia kimekatwa pembe tatu, kimepakwa gundi kikakauka kikakakamaa, kisha kimetwekwa hadi kileleni kana kwamba chombo kinakata maji kwa upepo wa kusi, huku mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, wote u nje na chombo kimekalia vigingi viwili vya mbao.

Ninachoomba ni hiki: kijahazi kinachoonyeshwa juu ya kigingi, tanga lake lifungwe kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na foromali ituliwe, yaani ishushwe. Jahazi ambalo mkuku wake unaonekana wote ni jahazi lililopwelewa, yaani maji yameliacha, limetiwa magadi (miti ya kuliegemeza) ufukweni, linangoja kupakiwa, kupakuliwa au kupakwa deheni, mafuta ya kuhifadhi mbao. Hakuna nahodha anayetweka tanga chombo kikiwa mchangani. Tanga lililofungwa linakubaliana na hali ya chombo kinavyoonekana, na tena linaacha kazi ya fundi ionekane. Tanga likiwa juu huficha nusu ya sitaha kwa upande mmoja. Likifungwa, mtu anaona makapi ya kupitishia kamba, mataruma (mbavu za chombo), kitako cha mlingoti na nakshi za shetri bila kuinama huku na huku. Kasha la kioo nalo linakuwa dogo. Kwa jahazi la mita 15 lililopunguzwa mara 40, kimo cha kasha kinaweza kushuka kutoka sentimita 60 hadi 45 hivi, na kioo chenyewe si rahisi.

Wapo mafundi waliokwisha kulijaribu jambo hili wakaliacha, kwa sababu tanga lililofungwa liliwatokea baya kuliko lililotwekwa. Nawaelewa. Kosa lao karibu daima ni moja: walichukua tanga zima, lenye ukubwa wake kamili, wakalikunja kwenye foromali. Matokeo yake ni bunda nene kuliko mlingoti wenyewe. Fundi huona kuna kasoro lakini haoni inatoka wapi, maana tanga alilikata kwa vipimo sahihi.

Kasoro inatoka kwenye unene wa kitambaa. Tuseme jahazi letu lina foromali ya mita 18, na tanga pale linaposhuka zaidi kutoka kwenye foromali lina mita 10. Marudufu, kitambaa kizito cha matanga, ina unene wa milimita 1 hivi. Mabaharia wakilikusanya na kulifunga, huku nusu ya bunda ikiwa ni hewa iliyobaki kati ya mikunjo, linapatikana bunda la kipenyo cha sentimita 16 hivi. Ukipunguza mara 40, bunda la kijahazi linatakiwa liwe na milimita 4. Sasa chukua bafta, kitambaa chembamba cha pamba, yenye unene wa milimita 0.2. Kwenye kijahazi tanga lina kina cha milimita 250. Ukiikusanya yote unapata bunda la milimita 11, ambalo kwenye jahazi la kweli lingekuwa karibu sentimita 45. Baharia asingeweza hata kulikumbatia vizuri ili alifunge. Umepunguza urefu mara 40 na upana mara 40, lakini unene wa kitambaa hukuupunguza, kwa sababu kitambaa kilitoka dukani hivyo kilivyo.

Kwa hiyo tanga la kufungwa halikatwi kwa ukubwa wa tanga la kutwekwa. Linakatwa fupi, kwa kiasi kitakachotoa bunda la unene unaotakiwa. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kipenyo cha bunda unachotaka kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.4, halafu gawanya kwa unene wa kitambaa. Jibu ndicho kina cha tanga pale linaposhuka zaidi. Kwa bunda la milimita 4 tunapata 6.4 igawanywe kwa unene. Bafta ya milimita 0.2 inatoa milimita 32, yaani sehemu moja ya nane ya tanga zima. Melimeli, nguo nyembamba zaidi, ya milimita 0.12 inatoa milimita 53, kama sehemu moja ya tano. Karatasi ya shashi iliyokwisha kupakwa rangi, yenye milimita 0.05 hivi, inatoa 128, karibu nusu ya tanga. Unene wa kitambaa unapimwa hata bila chombo cha kupimia: kunja mara nne upate tabaka 16, kandamiza chini ya rula, pima unene wa tabaka zote, gawanya kwa 16. Pima baada ya kupaka rangi, maana rangi inaongeza unene, na kwenye shashi inaweza kuongeza theluthi nzima.

Kati ya hivyo vitatu, mimi nasimama na karatasi ya shashi. Najua wengi watashangaa, maana tanga ni nguo na mtu anataka kuona nguo. Lakini nguo ya dukani, hata melimeli, uzi wake unaonekana kwa jicho, na uzi huo ukiukuza mara 40 unakuwa mnene kama kamba ndogo. Tena nguo ina ukaidi: ikikunjwa mikunjo midogo hujaribu kunyooka, na ukiilazimisha kwa gundi nyingi inang'aa. Shashi inakunjika mahali hasa unapotaka na inabaki hapo. Tanga likiwa na kina cha nusu nzima lina mikunjo ya kutosha, jicho linaamini kwamba tanga zima limo ndani ya bunda. Bafta ya milimita 32 hutoa mikunjo minne au mitano tu, na aliyewahi kusimama bandarini ataona kwamba hiyo ni tepe iliyofungwa kwenye ujiti.

Shashi yenyewe ichaguliwe. Ile inayofungia viatu ndani ya boksi inafaa kwa kijahazi cha kuuza ufukweni, lakini ina asidi, na baada ya miaka michache inageuka njano na kuvunjika kwenye mikunjo. Kwa kazi ya makumbusho, au ya mtu atakayeirithisha, itafutwe shashi isiyo na asidi, ileile wanayotumia wahifadhi kufungia nguo za kale.

Rangi ipakwe kabla ya kukata. Tandaza karatasi juu ya plastiki, ishike pembeni kwa utepe wa gundi wa karatasi, na upake rangi ya akriliki iliyoyeyushwa, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 10 za maji. Tanga la pamba lililotumika si jeupe. Ni la rangi ya maziwa yaliyochafuka, lenye kijivu kidogo, na kando ya foromali lina weusi wa mikono na mafuta. Changanya nyeupe, njano ya udongo na tone la nyeusi. Paka upande mmoja, acha ikauke kabisa, geuza, paka wa pili kwa rangi iliyo nyepesi zaidi, ili mikunjo ikipinduka ionyeshe tofauti ndogo ya rangi. Kuna mazoea ya kuchovya matanga kwenye chai ya rangi. Rangi yake inapendeza siku ya kwanza, lakini tanini iliyomo inakula pamba na karatasi polepole, na chai ikiwa na sukari hata kidogo inaita sisimizi. Kwa kitu kinachotakiwa kidumu, chai iachwe.

Sasa umbo. Wengi hukata mstatili mmoja wenye kina sawa mwanzo hadi mwisho, na bunda linatoka na unene mmoja toka omo hadi ncha ya nyuma. Tanga la jahazi halina umbo hilo. Upande wa mbele, kwenye goshi, lina ukingo mfupi. Linaongezeka kina hadi pale inapoangukia pembe ya demani, yaani pembe inayofungwa kamba ya kuongozea tanga, mbele kidogo ya nusu ya foromali, kisha linapungua moja kwa moja hadi kwenye ncha ya juu. Bunda lake basi ni jembamba kiasi mbele, linanenepa kabla ya katikati, halafu linapungua taratibu hadi nchani ambapo karibu linaisha. Kwa foromali ya sentimita 45, ukingo wa tanga uwe sentimita 43. Ukitumia shashi, kina cha mbele kiwe milimita 25, kiongezeke hadi 128 kwenye sentimita ya 18 kutoka mbele, kisha kishuke hadi milimita 8 nchani. Usikiache kishuke hadi sifuri, shashi itachanika wakati wa kufunga. Kata kwa wembe mpya, maana wembe butu unavuta nyuzi za karatasi na kuacha ukingo wenye manyoya.

Dasi, ile kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga, haihitaji kuzunguka kote, kwa sababu sehemu kubwa itazama ndani ya bunda. Iwekwe kwenye ukingo unaofungwa kwenye foromali, na sentimita 4 kila upande wa pembe ya demani, kwa uzi wa pamba wa milimita 0.4 uliobandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyoyeyushwa. Pembe ya demani iwe na kitanzi kidogo cha uzi huohuo, kwani hapo ndipo demani itakapofungwa na hapo jicho la mjuzi litakwenda.

Foromali nayo si ujiti wa duara wa kununuliwa. Foromali ya jahazi huungwa kwa miti miwili au zaidi iliyopishana na kufungwa kwa kamba, na ni nene katikati, inapungua kuelekea ncha zote mbili. Ujiti wa mwanzi uliopasuliwa unafaa sana, maana hauvunjiki hata ukiwa mwembamba. Chonga vijiti viwili, kimoja cha sentimita 25 na kingine cha 28, vipishane kwa sentimita 8 katikati, gundi, kisha funga kwa uzi mahali pasipopungua patatu. Katikati pawe na milimita 5, ncha ziwe na 2. Fundi akiruka hatua hii, hata bunda liwe zuri vipi, litakuwa limefungwa kwenye kijiti cha mshikaki.

Tanga lifungwe foromali ikiwa mezani, haijafika kwenye chombo. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, laza foromali juu ya vipande viwili vya mbao ili mikono ipite chini yake, na uifunge isizunguke. Funga ukingo wa tanga kwenye foromali kwa vifundo vya uzi kila milimita 12. Kisha ndipo kukusanya. Hapa kuna kosa jingine kubwa: watu huviringisha tanga kama mkeka. Likiviringishwa linakuwa bomba laini lisilo na uhai. Mabaharia hawaviringishi. Wanakusanya kwa mikono, mkunjo juu ya mkunjo, wakilivuta tanga kuelekea kwenye foromali. Kwa kibano, chukua mikunjo ya milimita 6 hadi 8, na usiifanye sawasawa: mmoja uwe mpana, unaofuata mwembamba, mwingine uishie njiani. Mikunjo ipande kuelekea foromali, na bunda likae chini na ubavuni mwake, si juu yake.

Lowesha kidogo kwa brashi laini iliyochovywa kwenye gundi nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 5. Gundi ikizidi, shashi inalegea na kuchanika kabla hujafika nusu. Ikiwa nzito, inakauka na kung'aa, na mng'ao huo hautoki. Fanya kazi kwa vipande vya sentimita 6 au 7, ukianzia pale penye unene mkubwa na kwenda pande zote mbili, maana ukianza mbele, ziada yote ya karatasi inasukumwa nyuma na kurundikana mahali inapotakiwa ipungue.

Kamba za kufungia bunda ndizo zinazoonyesha kama fundi analijua jahazi. Katika vyombo vyetu tanga hufungwa foromali ikiwa chini, kwa vipande vya ukindu au uzi dhaifu, kila kimoja mbali na mwenzake. Foromali ikishatwekwa na tanga likiwa bado limefungwa, mabaharia huvuta demani, vifungo vinakatika kimoja baada ya kingine na tanga linafunguka lote bila mtu kupanda juu. Basi vifungo lazima viwe vingi, vyembamba na vya kujitegemea. Kamba moja ndefu iliyozungushwa toka mwanzo hadi mwisho haikatiki hivyo, na ukiiona kwenye kijahazi ujue fundi ameiga merikebu ya kizungu. Weka kifungo kila milimita 25, ambayo ni mita 1 ya kweli, na kuelekea ncha ya nyuma kila milimita 35. Uzi uwe wa milimita 0.3, rangi ya majani makavu, mzunguko mmoja na fundo moja jepesi, masalio yakatwe yabaki milimita 2 au 3. Kaza kwenye kifungo chenyewe, lakini kati ya vifungo acha bunda lifure kidogo. Pembe ya demani isifunikwe: itokeze kama milimita 15, ikielekea chini, na kitanzi chake kionekane.

Gundi za kukausha mara moja zisiguse tanga wala kamba. Zinaukausha uzi unakuwa wa kuvunjika, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi, mahali ambapo huwezi tena kusafisha.

Linalokosewa hata na mafundi hodari linahusu henza. Foromali ya jahazi inanyanyuliwa na henza, kamba nene inayopita kileleni mwa mlingoti na kushuka upande wa nyuma hadi kwenye gofia, kapi kubwa la kunyanyulia. Kati ya gofia na abedari, kapi la chini lililofungwa sitahani, hupita kamba ya jarari, ambayo ndiyo inayovutwa na mabaharia. Foromali ikiwa juu, gofia iko chini karibu na sitaha. Foromali ikishuka, gofia lazima ipande kwa kiasi kilekile, kwa sababu henza haiongezeki urefu. Kwenye kijahazi chetu, mlingoti una sentimita 30 juu ya sitaha. Gofia iliyokuwa karibu sentimita 4 juu ya sitaha wakati tanga limetwekwa, itakuwa karibu sentimita 25 foromali ikituliwa hadi sentimita 5. Nimeona vijahazi vingi vyenye foromali chini na gofia pia chini, na henza imelegea au imekatwa fupi kwa siri nyuma ya mlingoti. Chombo kama hicho hakiwezi kutweka.

Na kuna linalofuata hapo. Gofia ikiwa juu, jarari karibu yote imetumika kati ya makapi mawili. Kwa jarari inayopita mara nne, kushuka kwa foromali mita 8 na nusu kunameza mita 34 za kamba. Sitahani basi pabaki mzingo mdogo tu wa kamba, si lile rundo kubwa linalofaa kuonekana tanga likiwa juu. Henza iwe na unene wa milimita 2, jarari milimita 0.8, demani milimita 1, zote za uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale. Uzi wa nailoni haupokei rangi vizuri na hukataa kulala. Usizikaze sana. Pamba ikinywa unyevu wa masika inafupika, na henza iliyokazwa mno wakati wa kaskazi itaupinda mlingoti ifikapo Mei.

Foromali ikiwa chini ikae ubavuni mwa mlingoti, si katikati mbele yake wala nyuma yake, na ishikwe na kamba inayoizunguka pamoja na mlingoti. Ncha ya mbele ielekee gubeti, ncha ya nyuma ipite juu ya shetri na kutokeza nje kidogo, kwani foromali ni ndefu kuliko chombo. Mteremko uwe mdogo, mbele chini, nyuma juu, na bunda likae kwenye kimo ambacho mtu aliyesimama sitahani angeweza kulifikia. Hamarawi, kamba za kuongozea foromali, zilegee. Demani ishuke kutoka kwenye pembe yake na kulala sitahani. Kamba ndogo haina uzito wa kujishusha, hukaa hewani mahali ulipoiacha, kwa hiyo ilowanishe kwa gundi nyepesi, ning'iniza chubwi (kizito cha timazi) ndogo katikati yake, na uitoe baada ya kukauka.

Wanaotengeneza mifano ya merikebu za kizungu, kama Victory iliyoshushwa majini mwaka 1765 au Cutty Sark ya mwaka 1869, hesabu ya kina ni ileile lakini sura ni nyingine. Kule foromali ilibaki juu na mabaharia waliifuata, wakikanyaga kamba zilizoning'inia chini yake, wakalivuta tanga na kulilaza juu na mbele ya foromali, wakalifunga kwa kamba imara zisizokatika. Bunda lina tumbo katikati na linapungua pande zote mbili sawasawa. Mifano hiyo mara nyingi hupunguzwa mara 100, na hapo hata shashi ni nene: tanga la kina cha mita 10 likatwe milimita 20 tu badala ya 100. Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba, nao uachwe kando kabisa na maelezo ya jahazi. Tanga lake lilikuwa la mraba na la mkeka uliosukwa, halikuwa la nguo, na mkeka ukikunjwa unabaki mnene wenye ukaidi. Huko karatasi nzito yenye mistari ya kusukwa inafaa kuliko shashi, na kuviringisha ndiyo njia yake.

Kuhusu kuonyesha, nitasema machache kwa wenye makasha. Chumvi na unyevu wa pwani vinaozesha chuma haraka. Kipini au waya wa chuma uliofichwa ndani ya bunda utatoa doa la kutu ambalo halifutiki, kwa hiyo tumieni shaba. Nanga na makapi ya risasi yasiwekwe ndani ya kasha la mbao lililofungwa: mvuke wa mbao na gundi unaigeuza risasi kuwa unga mweupe. Uji wa ngano usitumike kama gundi, mende na wadudu wa karatasi wanaufuata. Mwanga kwa kitambaa na karatasi usizidi luksi 50, kipimo ambacho makumbusho hutumia kwa nguo, na kasha lisielekee dirisha. Vumbi likiingia kwenye mikunjo halitoki kwa kufuta. Hutolewa kwa brashi laini kavu, polepole, kutoka kwenye foromali kwenda chini, na kwa hiyo kasha lenye mlango wa ubavuni ni bora kuliko la kuinua kutoka juu, ambalo siku moja litakwaa kwenye kilele cha mlingoti.

Anayeagiza kijahazi amwambie fundi mapema kwamba anataka tanga limefungwa, kwa sababu urefu wa henza na mahali pa gofia huamuliwa kabla mlingoti haujasimamishwa, na kubadilisha baadaye ni kukata kamba zote. Alipe pia bei yake. Bunda moja zuri la shashi linachukua muda mrefu kuliko tanga la pazia la pembe tatu, na fundi akilipwa bei ya tanga la pazia atarudi kwenye pazia. Kibao cha maelezo kiandikwe kipimo cha upunguzaji na hali ya chombo, kwa mfano: "Jahazi, 1 kwa 40, limepwelewa, foromali imetuliwa, tanga limefungwa." Na kijahazi kikisafirishwa, foromali na bunda lake vifunguliwe kwenye henza na kusafirishwa kwenye boksi lake peke yake, limelazwa juu ya shashi kavu, likishikwa kwenye ncha za foromali tu, na bunda lenyewe lisiguswe na kitu.

Wako,
Mpenzi wa vyombo vya mfano,
Mombasa